Daraja Lililobomolewa Redioni

Nchi ya Nderemo mnaijua, hata kama hamjafika. Ni ile nchi yenye bahati ambayo serikali yake inawapenda wananchi kupita kiasi, mpaka wananchi wenyewe wakati mwingine huomba wapumzishwe kidogo kupendwa. Huko ndiko yalikotokea haya ninayowasimulia. Kama kuna mtu atayafananisha na ya kwao, hayo ni macho yake, mimi simo.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Kumbukumbu na Usahaulifu. Idara ya Kumbukumbu ilikuwa na chumba kimoja na feni mbovu. Idara ya Usahaulifu ilikuwa na ghorofa yake, na lifti. Waziri aliyezisimamia zote mbili alikuwa Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Gwalema, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa subira.

Asubuhi moja, akiwa anakunywa chai, akaambiwa kwamba huko Mawe Juu liko daraja la kale la mawe, lililojengwa na wakoloni walipotandika reli ya kwanza kabisa nchini. Reli inapita chini, ndani ya mtaro mrefu uliochimbwa kwenye mwamba, na barabara inapita juu, mgongoni mwa tao la mawe ya kuchonga.

Waziri akaweka kikombe chini. "La kale kiasi gani?"

"Lina umri mkubwa kuliko sisi sote humu, Mheshimiwa."

"Na mimi sijalitembelea?"

Chumba kizima kikaona aibu kwa niaba ya daraja.

Watu wa Mawe Juu hawakuwa na habari kwamba wanaishi na historia. Wao walidhani wanaishi na njia. Kijiji kilikuwa upande huu wa mtaro. Soko, zahanati, shule na barabara ya kwenda mji mkuu vilikuwa upande wa pili. Kuta za mtaro zilikuwa wima kama za kisima. Asiyetaka kupita darajani alizunguka kwa kinamasi cha Lumo, akafika jioni na kiatu kimoja.

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa Chande, mtu mwema, mpole, aliyeiogopa serikali kama paka anavyoogopa maji. Redio ikitaja jina la Mtukufu Rais, Chande alisimama wima, hata akiwa anaoga. Mkewe Siwatu alikaanga mihogo ubavuni mwa daraja. Huyu, mama yake alishikwa na uchungu akipelekwa zahanati, akamzaa papo hapo darajani treni ikipiga honi chini yake, na wazee walisema ndiyo maana hana sauti ya chini. Siwatu hakuogopa kitu duniani isipokuwa mafuta kupanda bei.

Ikaja kamati ya maandalizi. Ikalikagua daraja mbele na nyuma, ikasikitika.

"Mwenyekiti," akasema mkuu wa kamati, "mbona daraja lenu limechakaa?"

"Ni la kale, mheshimiwa."

"Ndiyo, ni la kale. Lakini ndiyo lionekane la kale mbele ya Waziri?"

Chande akaona kweli amefanya makosa. Mawe yakasuguliwa, yakapigwa chokaa, yakapakwa rangi ya maziwa, daraja likang'aa kama jino la bandia. Kesho yake ikaja kamati ya pili kuikagua kazi ya kamati ya kwanza. Ikauliza liko wapi daraja la kihistoria, maana pale inaona daraja jipya tu. Basi wanakijiji wakatolewa wote, wakubwa kwa wadogo, walipake tope na kinyesi cha ng'ombe hadi lirudie ukale wake. Likawa la kale kuliko lilivyokuwa kabla ya kupakwa rangi, na kamati zote mbili zilipeana mikono.

Kisha daraja likafungwa kwa kamba. Askari aliyesimamishwa pale alieleza kwamba wananchi wana tabia ya kulitumia.

"Sasa nyie mnataka tupite wapi?" akauliza Siwatu, karai la mihogo kichwani.

"Mtapita baada ya historia, mama."

"Na mihogo yangu?"

"Na mihogo pia."

Siku ya ziara ikafika, na Waziri akafika, ingawa hivyo viwili havikuwa siku moja. Wananchi walivushwa ng'ambo, wakacheza ngoma ya kumkaribisha tangu Jumatatu, akatokea Jumatano, na ving'ora vyake vikatangulia kama mbwa wa msasi. Hema la heshima lilikuwa limefungwa huko upande wa mji mkuu, mbele ya daraja kabisa, turubai nene, ili jua lisimsumbue. Kwa hiyo Mheshimiwa alilitembelea daraja akiwa amelipa mgongo, na turubai katikati. Aliridhika sana.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Nimeliona daraja!"

Makofi.

"Ni zuri mno! Ni zuri kiasi kwamba haifai liwe hapa!"

Makofi. Chande alipiga kuliko wote, maana alishazoea kupiga kwanza na kuelewa baadaye.

"Kwa hiyo serikali yenu sikivu imeamua kulihamisha. Jiwe kwa jiwe! Litapelekwa kwetu Gwalemani, ambako wageni watalifikia kwa urahisi, maana nyumba yangu ya wageni iko jirani!"

Makofi yakaanza, yakasita, yakafa. Ofisa mmoja akamnong'oneza Waziri kwamba Gwalemani ni tambarare, hakuna mtaro wala reli.

"Reli italifuata!" akasema Waziri kwenye kipaza sauti. "Kitu kizuri hufuatwa!"

Wanakijiji wakatazamana. Yule anamtazama mkewe mjamzito, huyu anafikiria shule, bibi mmoja anakifikiria kinamasi na viatu vyake. Siwatu akamtazama mumewe. Mumewe akatazama vidole vya miguu yake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

"Baba Sikudhani, sema kitu," akamnong'oneza.

"Niseme nini, Mama Sikudhani? Ameshasema yeye."

Basi Siwatu akajipangusa mikono kwenye kanga, akatwaa sahani ya mihogo ya moto yenye pilipili na ndimu, akavuka lile zulia jekundu alilotandikiwa Waziri kama anayevuka uwanja wake. Askari walimwacha, maana mihogo ilinukia. Akapiga goti.

"Mheshimiwa baba yetu, karibu muhogo. Nina swali la kijinga."

Waziri alikuwa hajala tangu asubuhi. "Uliza, mama."

"Huko kwenu Gwalemani, jina lako wanalijua?"

"Wanalijua!" Waziri akacheka, mdomo umejaa. "Kijiji chenyewe kina jina langu!"

"Na huku kwetu?"

"Huku... nadhani si sana."

"Ndipo ninaposhangaa mimi, mjinga. Mtu ana taa, anaitoa gizani anaipeleka juani? Hili daraja lingeandikwa jina lako, hapa hapa, kila treni ipitayo chini ingelisoma. Abiria wote! Hadi ng'ombe waendao machinjioni wangekufa wanamjua Gwalema."

Waziri akaacha kutafuna. Aliona behewa moja baada ya jingine likipita, na kila dirisha lina kichwa, na kila kichwa kinasoma. Machozi yakamlengalenga. Labda ni pilipili.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Serikali yenu sikivu imejisikiliza! Daraja litabaki hapa hapa, na kuanzia leo ni Daraja la Gwalema!"

Safari hii makofi hayakuhitaji kuongozwa. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walitupa kofia, na Chande alimkumbatia askari. Waziri alipanda gari bila kugeuka nyuma, kwa hiyo hajawahi kuliona daraja mpaka leo. Wiki ileile mafundi wakaja kuandika GWALEMA kwa saruji, juu ya kuta za daraja, herufi kubwa kuliko watu. Ile M peke yake ilitosha mbuzi watatu kulala kivulini.

Watu wa Mawe Juu wakastarehe. Laiti wangejua kwamba katika Nderemo starehe ni mwanzo wa habari.

Siku moja Mtukufu Rais alikuwa akipita angani kwa ndege, anakwenda kufungua kitu fulani au kukifunga. Akachungulia dirishani aone nchi yake. Akaona milima, akaona mito, kisha akaona GWALEMA. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akaona tena GWALEMA. Akamwuliza msaidizi wake kama kutoka angani linaonekana jina jingine lolote. Msaidizi akachungulia madirisha ya pande zote mbili, akarudi anatetemeka.

Ndege ilipotua, Waziri alikuwa ameshapumzishwa ili ashughulikie afya yake, ambayo hadi dakika hiyo ilikuwa njema.

Amri ikatoka kwamba kila chenye jina la Gwalema kisahauliwe. Idara ya Usahaulifu ikafurahi, maana kulikuwa na ukame wa kazi. Kijiji cha Gwalemani kikaitwa Kijiji. Aina ya maharage iliyokuwa ikiitwa gwalema ikawa haiitwi. Mwenye kuitaka dukani alinyoosha kidole. Na Daraja la Gwalema likaandikiwa kubomolewa kwa baruti, Jumamosi, saa nne kamili asubuhi.

Kazi hiyo akapewa Bwana Mapugilo, Kaimu Mkurugenzi wa Usahaulifu. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa amri. Ungempa amri ya kukupenda, angekupenda. Alifika Ijumaa na gari jeupe, dereva, mafundi wa baruti, na redio ndogo aliyoishika kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

Siwatu akamfuata pale pale. "Mheshimiwa, kosa ni jina. Sisi tutazivunja hizo herufi leo leo kwa nyundo. Mawe hayana kesi."

"Amri haikusema herufi, mama. Imesema daraja."

"Lakini wagonjwa watapita wapi? Watoto?"

Mapugilo akamtazama kwa huruma ya kweli. "Hilo ni swali zuri sana. Liko wizara nyingine."

Siwatu akaenda nyumbani akamkuta mumewe kakaa kitandani na shati la kijani la mwenyekiti, amelifunga vifungo hadi kooni.

"Utawaruhusu, Baba Sikudhani?"

"Mimi ni nani wa kuruhusu? Wao hawaombi."

"Nilizaliwa pale. Mwanao alivuka pale akiwa hajitambui kwa homa, ukambeba mwenyewe mgongoni, ukikimbia. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ungezunguka kinamasi, leo tungekuwa na nani?"

Chande alifungua kifungo cha juu cha shati, akakifunga tena.

Jumamosi kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Mafundi walikuwa wameshapachika baruti chini ya tao, na utambi mrefu umevutwa hadi chini ya mti aliposimama Mapugilo. Naye alikuwa amewasha redio kwa sauti kubwa, kwa kuwa Redio ya Taifa ilikuwa itangaze tukio lile moja kwa moja. Jambo moja tu ndilo lililowachelewesha: fundi mkuu alipapasa mifuko yote, hana kiberiti. Dereva hana. Mapugilo mwenyewe havuti sigara, kuna waraka.

"Mama," akamwita Siwatu, "tuazime kijinga cha moto hapo jikoni kwako."

"Moto wa muhogo hauazimwi, mheshimiwa. Mihogo itasusa."

Akatumwa mtu kijijini kutafuta kiberiti. Nyumba ya kwanza hawakuwa nacho. Nyumba ya pili ndiyo kwanza kimelowa. Siku hiyo, kwa maajabu ya Mungu, Mawe Juu nzima ilikuwa inapika kwa baridi.

Na hapo redio ikapiga ngoma ya taarifa.

"Hii ni Redio ya Taifa, saa nne kamili! Moja kwa moja kutoka Mawe Juu! Ndugu wasikilizaji, tunashuhudia... naam!"

Ukasikika mshindo: bum! Ulifanana sana na mtu anayepiga debe kwa mwiko.

"Limekwenda! Lile daraja la aibu limekuwa vumbi! Wananchi wa Mawe Juu wanacheza kwa furaha isiyo kifani!"

Watu wakatazama redio, wakatazama daraja. Daraja lilikuwapo, limejitandaza juani, mbuzi mmoja kasimama katikati yake anakuna shingo kwenye herufi L. Mapugilo akakunja uso, akaitikisa redio kama saa iliyosimama.

Siwatu ndiye aliyepata akili kwanza. Akatupa upawa chini.

"Jamani, hamsikii? Tunacheza!"

Akafunga kanga kiunoni, akaanza kucheza. Bibi mmoja akamfuata, kisha mafundi seremala, kisha walimu, kisha wote. Vumbi likapaa, vigelegele vikapasuka, mtu akapiga sufuria, fundi mkuu wa baruti naye bega likamponyoka likaanza kucheza peke yake.

"Simameni!" akapaza sauti Mapugilo. "Simameni! Kazi bado! Leteni kiberiti!"

Siwatu akamjia akihema. "Kiberiti cha nini, mheshimiwa?"

"Cha kubomolea daraja!"

"Daraja gani?"

"Lile pale!"

Siwatu akaziba mdomo kwa viganja viwili. "Mheshimiwa! Taratibu, watu watakusikia. Redio ya Taifa imesema limebomolewa. Wewe unasema bado lipo?"

Nchini Nderemo kusema kwamba Redio ya Taifa imekosea ni kosa ambalo adhabu yake haijulikani, kwa kuwa hakuna aliyerudi kuieleza.

"Mimi... mimi sijasema lipo," akasema Mapugilo polepole.

"Alhamdulillahi. Maana ukilipua sasa, mshindo utasikika hadi wilayani. Wataulizana, huu wa saa nne na robo ni wa nini, na wa saa nne kamili ulikuwa wa nini?"

Kaimu Mkurugenzi akatafuta mtu wa serikali wa kumshika mkono. Macho yakamwangukia Chande.

"Mwenyekiti! Wewe ni kiongozi. Njoo hapa. Tazama kule, uniambie kwa niaba ya serikali. Unaona nini?"

Ngoma ikanyamaza. Siwatu alimjua mumewe. Katika maisha yake yote Chande hajawahi kumwambia mwenye gari jeupe jambo lisilo kweli, wala jambo la kweli. Alisema "ndiyo" tu, na hapa "ndiyo" haikuwa jibu.

Chande akasogea. Akalitazama daraja muda mrefu, akamtazama mkewe, akafungua kifungo cha juu cha shati.

"Naona uwazi, mheshimiwa," akasema. "Uwazi mkubwa sana. Nashukuru serikali."

"Una hakika?"

"Upepo unapita bila kizuizi."

Mapugilo akanyoosha kidole. "Na yule mbuzi?"

"Kasimama hewani, mheshimiwa," akasema Mwenyekiti Chande. "Mbuzi wa huku wana tabia hiyo."

Siwatu alimpenda mumewe siku ile kuliko siku ya harusi. Alitaka kumrukia mbele ya serikali. Akajizuia kwa kuuma kanga.

Mapugilo akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Basi. Ripoti yako inalingana na ya redio. Kazi imekwisha." Akaamuru baruti ichomolewe kutoka kwenye uwazi, akawapa mafundi mikono, akampongeza kila mtu kwa ushirikiano, akapanda gari. Dereva akawasha injini, akashika barabara, akafika pale panapoanzia daraja, akakanyaga breki.

"Bosi, twende?"

"Twende wapi?"

"Mji mkuu. Si ng'ambo?"

Mapugilo akatazama ng'ambo. Barabara ya lami ilionekana pale pale, inang'aa, ungeweza kuirushia jiwe.

"Wewe una wazimu?" akasema. "Utapitaje kwenye daraja lililobomolewa?"

Gari jeupe likageuka, likashika njia ya kinamasi cha Lumo. Dereva alilia waziwazi.

Wanakijiji walisherehekea mpaka mihogo ikakaribia kuisha. Herufi za Gwalema walizivunja wenyewe kwa nyundo kabla ya adhuhuri. Alasiri, Chande, ambaye ushujaa ulikuwa haujamtoka mwilini, akasema haifai kumwacha mgeni apotelee mbali.

"Atakuwa amekwama," akasema. "Chukueni kamba."

Wakavuka darajani kwa miguu, kundi zima wakiimba, Siwatu mbele na sahani imefunikwa, wakashuka upande wa pili hadi kinamasi kinapoishia. Kweli walimkuta. Gari lilikuwa limezama hadi madirishani, dereva kakaa juu ya paa, na Kaimu Mkurugenzi wa Usahaulifu kasimama ndani ya tope hadi kiunoni, kiatu kimoja hana, redio kaishika juu ya kichwa isilowe.

Akawaona wanakuja kutoka mbele, kutoka upande wa mji, na miguu yao mikavu, na viatu vyao havina hata doa. Muhogo kwenye sahani ulikuwa bado unatoa moshi.

"Niliwaacha nyuma," akasema polepole. "Mmepitia wapi?"

Watu wakatazamana, wengine wakatazama mawingu. Siwatu akachutama ukingoni, akamkabidhi sahani.

"Mheshimiwa," akasema kwa upole, "ukituuliza kwa niaba ya serikali, tutasema. Lakini itabidi na wewe ukaseme."

Bwana Mapugilo akatazama sahani. Akatazama tope. Akawatazama wale watu, ambao baadhi walishaanza kufunga kamba kwenye gari bila kuambiwa. Akachukua kipande cha muhogo, akauma, akafumba macho.

"Vuteni," akasema. "Vuteni tu, ndugu zangu."